Kidaka na Kina cha Ukuta

Katika lafudhi ya Kiamu neno daka lina maana mbili ambazo mgeni aghalabu huzidhania kuwa ni maneno mawili. Daka ni ule ukumbi mfupi wa mlangoni wenye baraza za mawe zilizoelekeana, mahali ambapo mwenye nyumba hukaa na mtu ambaye hajafikia daraja ya kukaribishwa ndani. Daka vilevile ni tundu la ukutani lisilotoboka upande wa pili, ambalo sisi wa Unguja twaliita shubaka. Likiwa dogo huwa kidaka, na vikiwa vingi watu wa kaskazini husema zidaka. Basi lugha imemweka mtu na bakuli katika neno moja. Mmoja amekaa na mwingine limekalishwa, na wote wawili wamo ndani ya unene wa ukuta, si mbele yake wala nyuma yake.

Nimeanza na neno kwa kuwa wasomaji wa kurasa hizi ni watu wa maneno. Haja yangu, hata hivyo, ni mawe na chokaa. Wanaoziandikia nyumba zetu za mawe hupenda kusifu kilichoongezwa: nakshi za mlango, kaure ya Uchina, maandishi yaliyochongwa juu ya mlango. Hayo yote yastahiki sifa. Lakini ni wachache waliouliza juu ya kilichoachwa wazi. Nami nathubutu kusema kwamba uzuri wa nyumba hizi, ule unaomfanya mtu anyamaze akiingia, umetokana na mapatano baina ya kilichojaa na kilicho na uvungu, na kwamba tunaposema leo kuwa twajenga "kwa mtindo wa kale" mapatano hayo ndiyo ya kwanza kuvunjwa.

Mwaka 1959 kilitoka kwa Kiingereza kitabu cha msanifu wa majengo wa Denmark, Steen Eiler Rasmussen, kiitwacho Experiencing Architecture. Sura yake ya pili yahusu suala hilihili. Rasmussen anamrejea Mdenmark mwenziwe, mwanasaikolojia Edgar Rubin, na picha yake mashuhuri ya rangi mbili: ukishika rangi moja waona chombo cha maua, ukishika ya pili waona nyuso za watu wawili wanaotazamana. Kuviona vyote viwili kwa pamoja haiwezekani. Jicho sharti lichague lipi liwe umbo na lipi liwe nafasi tupu. Kutokana na hilo Rasmussen anatuambia kwamba kuna wajenzi ambao fikra yao yote imo katika kilichojaa, yaani nguzo, kuta na minara, na kuna wengine ambao kwao jengo ni uvungu. Mfano wake wa hawa wa pili ni hekalu la pango la Karli huko India, lililochimbwa ndani ya mwamba. Pale fundi hakujenga chochote; aliondoa tu, na alichokiacha ndicho jengo.

Nakubaliana naye nusu ya njia. Sura ile ni miongoni mwa kurasa bora nilizopata kuzisoma juu ya ujenzi, na mtu akiisoma hatazami tena ukuta kama alivyoutazama jana. Lakini mwandishi anapendelea mno kugawa watu kwa makundi: zama hizi zilipenda kujaza, zama zile zilipenda kuchimba. Fundi wa pwani ya Uswahili hakai katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Alijenga kama mjenzi na akafikiri kama mchimbaji, na yote mawili aliyafanya katika ukuta mmoja.

Tuutazame basi huo ukuta. Katika nyumba ya mawe ya Lamu una unene wa takriban sentimita 50, na pengine zaidi. Umeundwa kwa vipande vya jiwe la matumbawe linalochimbwa nchi kavu, vikashikanishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Pana pia tumbawe la baharini, ambalo likikatwa bado bichi ni laini na lakubali patasi, kisha likikauka huwa gumu. Hilo lilihifadhiwa kwa kazi za kuchonga, mathalan mihrabu. Maandishi ya Kikufi katika mihrabu ya Kizimkazi, hapa Unguja, yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia, na mpaka leo yasomeka. Juu ya kuta hulazwa boriti za mkoko, na juu ya boriti mawe na chokaa tena. Dari ya namna hii ni nzito mno, na boriti haiwezi kuibeba pakizidi kiasi cha mita tatu baina ya ukuta na ukuta. Kwa hiyo upana wa chumba haukuamuliwa na fundi wala na tajiri mwenye nyumba. Uliamuliwa na mkoko. Tajiri akitaka chumba kikubwa alikirefusha, kukipanua hakuweza.

Hapa ndipo penye mushkili ambao fundi alipaswa kuutatua. Chumba chembamba, kirefu, kilichobanwa na kuta nene pande mbili, chenye mwanga wa upande mmoja tu: kwa hesabu hiyo ungetaraji mtu ahisi yumo kaburini. Aliyewahi kukaa ndani ya nyumba ya Kiamu iliyo kamili anajua kwamba sivyo. Kwa nini sivyo?

Fuata njia ya mgeni. Mtaani kuta zimesimama wima, nyeupe au kijivu, madirisha machache. Mtaa wenyewe ni mwanya uliosalia baina ya nyumba, na mahali pengine wikio limepita juu, chumba kilichovuka njia kikaungana na nyumba ya pili, ukapita chini yake kama apitaye chini ya mwamba. Kitu cha kwanza kinachovunja uzima wa ukuta ni daka. Ukiruhusiwa kupita, tekani inakugeuza pembeni ili macho yako yasipenye moja kwa moja, kisha ghafla uko kiwandani, mbingu i juu yako na mwanga umejaa. Kutoka kiwandani vyumba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani. Majina yenyewe yaonyesha kuwa mtu anapanda kila aingiapo. Na kila aingiapo mwanga unapungua, kwani unatoka kiwandani peke yake na sharti upite kila uwazi wa ukuta ndipo ufike cha mbele yake. Huko mwisho, penye kiza zaidi, ndiko zidaka zilikopangwa safu juu ya safu hadi karibu na dari.

Mtu wa haraka atauliza faida ya kuweka kazi bora kuliko zote mahali pasipo na mwanga. Jawabu ni kwamba kazi ile imefanywa kwa ajili ya mwanga mdogo. Ukuta mtupu ukipigwa na mwanga hafifu wa upande mmoja una rangi moja tu, kijivu kilichofifia, na jicho likiufikia husimama. Kidaka kimoja kina rangi tatu: ukingo wake wang'aa, ubavu mmoja umepata nusu ya mwanga, na nyuma kabisa ni kiza. Zidisha hivyo kwa idadi ya zidaka za ukuta mzima. Jicho halijui tena ukuta umeishia wapi. Linaingia, linatoka, linaingia tena, na kila mara linadhani kuna kitu zaidi nyuma. Uvungu wa shubiri moja umeufanya ukuta uonekane umerudi nyuma dhiraa nzima, na chumba ambacho mkoko ulikinyima upana kimepata kina.

Mwanaakiolojia Linda Donley-Reid, ambaye alizitafiti nyumba hizi, alisisitiza maana ya zidaka na kaure zake kama kinga: ndani ndiko mama alikozalia na ndiko maiti alikooshewa, na vitu vya kupendeza viliwekwa pale ili kuizuia husuda na madhara. Wapo walioona kwamba amepita kiasi katika kulipa kila tundu maana. Mimi naona kauli yake na hoja yangu zakutana mahali pamoja. Watu wetu waliogopa jicho. Na kidaka chafanya nini, ukitazama ufundi wake tu, ila kulikawiza jicho? Kabla halijamfikia mtu aliyelala pale, limeshatawanywa katika vishimo vingi.

Kwa mshairi jambo hili halikuwa geni. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi juu ya kuporomoka kwa utukufu wa Pate, alikuwa na njia nyingi za kutuonyesha uharibifu. Angeweza kutuonyesha kuta zilizoanguka na kutosheka. Yeye alitupeleka kwenye madaka: pale palipopangwa visahani vya kaure, sasa wamelala makinda ya ndege. Wahakiki wengi wameisoma sehemu hiyo kama mawaidha juu ya dunia na hadaa zake, nao hawakukosea, maana hayo ndiyo makusudio ya utenzi. Lakini nawasihi waitazame pia kama ushahidi wa mtu aliyekulia katika nyumba hizo na akajua nguvu yao iko wapi. Ukuta ukianguka umekwisha, ni kifusi. Kidaka, madhali ukuta wake ungali umesimama, hakikwishi. Kinabaki kuwa mahali pa kitu. Ndiyo maana kitupu kinauma zaidi kuliko kifusi, na ndege aliyeingia anauma zaidi kuliko utupu. Angelitua juu ya ukuta tusingelijali. Amekaa mahali pa bakuli.

Nisiuvute ulinganisho huu mbali, kwani nimechoshwa na makala zinazofanya kila kitu kuwa shairi. Hata hivyo Kiswahili chenyewe kimetuwekea kina kuwa ni urefu wa kwenda chini na kina kuwa ni mlio wa mwisho wa kipande, na ubeti tumeupata kutoka Kiarabu, ambako bayt ni nyumba. Anayeghani shairi la mizani kumi na sita anajua kuwa baada ya ile ya nane pana kituo, na kwamba kituo hicho hakihesabiwi katika mizani. Kiondoe, uunganishe vipande, na hakuna silabi iliyopotea. Ila wasikilizaji watashangaa kimeharibika nini. Hapo naacha.

Kusini, Kilwa, mambo yalichukua sura nyingine, na nitayapitia kwa ufupi. Husuni Kubwa, jumba lililojengwa ukingoni mwa bahari mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman ambaye Ibn Battuta alifika kwake mwaka 1331, lina viwanda vilivyoshushwa na birika la pembe nane. Huko uvungu umetazama juu. Msikiti mkuu ulipanuliwa ukaezekwa kwa makuba, na makuba ni jawabu tofauti kabisa kwa shida ya boriti: badala ya kulaza dari na kuchimba ukuta, fundi ameichimba dari yenyewe. Katika misikiti na makaburi ya kale mahali pengi pwani yalipachikwa mabakuli, hata ndani ya makuba na kwenye nguzo za makaburi, mdomo ukielekea kwa mtazamaji. Uvungu mdogo wenye rangi katika uvungu mkubwa mweupe, au katika nguzo iliyojaa. Mengi yameng'olewa. Yaliyobaki ni viduara vya chokaa vyenye alama ya kitako cha bakuli, na nakiri kwamba hujikuta nikivitazama hivyo kwa muda mrefu kuliko mabakuli yaliyosalimika.

Na hapa kwetu? Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliyageuza mambo nje ndani. Nyumba ya Lamu huonyesha mtaa ukuta mzima na kuficha uvungu wake. Beit al-Ajaib ilivalishwa uvungu kwa nje, ngazi juu ya ngazi za roshani zilizobebwa na nguzo za chuma. Ukija kwa chombo kutoka baharini, ulichokiona hakikuwa kuta bali mistari mipana ya kivuli iliyolazwa mmoja juu ya mwingine, na uzito wote ukaonekana kuelea. Hiyo ilikuwa dhamira yake: sultani alitaka kuonekana na ulimwengu wote wa meli. Siku ya 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Sitaki kufanya falsafa juu ya vifusi vilivyoua. Nitasema tu kwamba asubuhi iliyofuata, waliosimama Forodhani waliona kwa mara ya kwanza matumbo ya jengo lile, unene wa ukuta uliokatika, na wengi hawakuwa wakijua kwamba nyuma ya wepesi ule kulikuwa na mawe mengi kiasi hicho.

Sasa nifikie kilichonifanya nishike kalamu. Tangu Mji Mkongwe wa Zanzibar uingizwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001, "zidaka" zimekuwa bidhaa. Hazikosekani katika hoteli mpya, na hata benki zimeanza kuzipenda. Miezi michache iliyopita nilialikwa chakula katika nyumba moja ya wageni, ambayo sitaitaja, na nikaketishwa mbele ya ukuta wenye zidaka ishirini na nane. Nilipata wasaa wa kuzihesabu kwa kuwa chakula kilichelewa. Jambo fulani lilinikera na sikulijua mara moja. Nilipoinuka nikapeleka mkono, nikalijua. Havikuwa na ndani. Ukuta ulikuwa wa tofali la saruji la inchi sita, na fundi, kwa kuwa hawezi kuchimba shubiri katika ukuta ambao wenyewe haufiki shubiri, alikuwa amebandika fremu za plasta juu yake, zimetokeza vidole viwili, kila moja ikiwa na upinde juu.

Mtu atasema picha ni ileile. Siyo. Mwanga ukitoka juu, kivuli cha tundu huanguka ndani, chini ya ukingo wake wa juu. Kivuli cha kilichobandikwa huanguka nje, chini ya ukingo wake wa chini. Jicho halihitaji kusomea usanifu ili kulihisi hilo. Ukuta wa zamani ulirudi nyuma. Ule ulinijia usoni. Chumba kilikuwa kipana kuliko chumba chochote cha Lamu, na nilihisi nimebanwa. Ili kukamilisha, nyuma ya baadhi ya fremu zilikuwa zimefichwa taa ndogo za umeme, kana kwamba kiza ndicho kilichokuwa kasoro ya kidaka.

Ubaya wa pili haupo katika uigaji bali katika ukarabati. Nyumba za mawe zilizo hai hupigwa lipu ya saruji juu ya chokaa ya zamani, zidaka zikajazwa ili ukuta "unyooke" na makochi yaegemee vizuri. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka. Saruji huufungia ndani pamoja na chumvi, na baada ya miaka kadhaa ukuta unamomonyoka nyuma ya ngozi iliyo nzima. Huo ni uvungu ambao hakuna aliyeukusudia.

Lakini niwe mwadilifu. Siwezi kumwambia baba wa watoto sita ajenge kuta za sentimita 50. Chukua kiwanja cha mita 8 kwa 10, ujenge hadi mpakani. Kuta za nje za unene huo zitakula mita za mraba 17. Kuta za sentimita 15 zitakula 5 na kidogo. Tofauti ni chumba kizima, na katika chumba hicho watoto watatu watalala. Hakuna mapenzi ya sanaa yanayoweza kuishinda hesabu hiyo, na mhakiki anayedai vingine naye aulizwe kwake analala wapi. Bei ya chokaa na uhaba wa mafundi wanaoijua sivitaji hata kidogo.

Ila sioni kwa nini kuta zote ziwe sawa. Nyumba ya Lamu haikuweka zidaka kila mahali. Iliziweka pale jicho linapofikia mwisho wa safari yake. Ukuta mmoja wa urefu wa mita tatu, ule unaokabili mlango, ukijengwa kwa tofali safu mbili badala ya moja na nafasi ikaachwa katikati, umeongeza unene wa sentimita 35 na kula mita moja tu ya mraba. Katika mita hiyo fundi anapata kina cha kweli. Nimewahi kuona jambo hili likifanywa mara moja, ng'ambo, katika nyumba ya kawaida isiyo na mgeni wala mpiga picha. Mwenye nyumba hakuwa akimuiga mtu. Alitaka mahali pa kuweka kandili umeme ukikatika. Fundi alimwachia zidaka vitano, havina nakshi, vimesiribwa chokaa. Nilipofika jioni kandili lilikuwa katika kimoja. Katika vingine mlikuwamo msahafu, funguo na miwani ya bibi, na cha mwisho kilikuwa kitupu. Nilimuuliza bibi kwa nini hicho hakina kitu. Aliniambia, "Mwanangu, hicho bado."